Muulize Anayefagia

Jani lilifika Gatsata likiwa limebanwa kati ya kurasa za kitabu kidogo cha sala, lisije likavunjika njiani. Mdogo wangu, ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na moja Atlanta, alimkabidhi msafiri aliyekuwa akirudi Kigali, pamoja na dawa za magoti za mama na viatu jozi mbili. Picha ilikuwa imetangulia kwenye simu wiki nzima kabla: mti mkubwa wa kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, umesimama mbele ya nyumba ya matofali, na maua yake meupe yametanda kama sahani zilizopangwa kusubiri wageni wa harusi. Chini ya picha aliandika: "Kaka, huu ndio ninaoutaka mbele ya nyumba ya mama. Unaitwa magnolia. Ni kijani mwaka mzima, hauangushi majani. Ile avoka ikatwe."

Mama alilitoa jani kitabuni akaligeuza mara mbili. Upande wa juu uling'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa dawa. Upande wa chini ulikuwa wa rangi ya kutu, una manyoya mafupi yaliyolala pamoja kama mahameli, na ukipitisha kidole kuelekea huku rangi inakolea, ukikirudisha inafifia. Alilikunja kidogo, likalia. Lilikuwa refu kupita kiganja chake na vidole vyake.

"Gumu," alisema. Kisha akauliza: "Majani yake yanaanguka lini?"

"Hayaanguki, mama. Ni kijani mwaka mzima."

Akanitazama kwa jicho lile alilonitazamia utotoni nilipodai kwamba nimeshaoga. "Na hili nililoshika lilitoka wapi?"

Nikasema labda alilichuma. Mama hakunijibu. Alielekeza kidole kwenye ncha ya kikonyo, pale jani linaposhikana na tawi. Palikuwa safi, pamejifunga, laini kama kovu la zamani. Jani lililochumwa huondoka na ngozi ya tawi, au hukatika na kuacha nyuzi. Hili lilikuwa limeachia lenyewe: mti ulishajenga ukuta mwembamba kati yake na jani, ukaziba njia ya maji, ukaliacha liende.

"Nimefagia miaka arobaini," mama alisema. "La kuchumwa nalijua, la kuanguka nalijua."

Nyumba yenyewe iko kwenye mteremko unaopanda kuelekea mlima Jali. Chini yetu inapita barabara itokayo Nyabugogo kwenda Gatuna, mpakani mwa Uganda, na pembeni mwa barabara hiyo ndiko Gatsata ilikojipatia jina: gereji, maduka ya spea, milango ya magari iliyoegeshwa ukutani kama vitabu, na nyundo zinazoanza kugonga kabla ya jua kushika. Hapa Kiswahili hakikusubiri kutangazwa lugha rasmi mwaka 2017. Kilikuwepo siku zote chini ya magari, kimelala chali, kikiomba spana namba kumi na tatu. Ukivuka barabara unafika bondeni, kwenye kinamasi cha Nyabugogo, ambako shughuli nyingi zimekuwa zikihamishwa ili maji yapate tena mahali pake pa kukaa. Na ukiinua macho unaona miteremko mikali yenye nyumba zilizoshikilia udongo mwekundu kwa kucha. Mvua ya Aprili ikipiga, kila mwenye nyumba Gatsata hulala na sikio moja wazi.

Uwanja wa mbele wa mama una hatua nane kwa tano. Una mfereji wa maji ya mvua, kamba ya kuanikia nguo, na mti mmoja wa avoka, ndio mparachichi kwa ndugu zetu wa Tanzania. Ndio huo uliohukumiwa kukatwa kutoka Atlanta.

Jioni ile jirani yetu, fundi wa injini, alipita kusalimia. Aliliona jani mezani, akalishika, akalipima unene kwa kidole gumba na cha shahada, akauliza bila kutabasamu: "Mama, hii ni gasketi ya gari gani?"

Tulicheka, lakini fundi alikuwa amesema jambo la kweli kuliko alivyokusudia. Jani la magnolia ile ya Marekani, wanayoiita kitaalamu Magnolia grandiflora, limetengenezwa lidumu. Mti hutumia mali nyingi kulijenga: ngozi nene, nta ya juu, manyoya ya chini. Kitu kilichogharimu hivyo hakitupwi baada ya miezi sita. Jani hukaa mtini kama miaka miwili, na wakati wote huo kuna wenzake wadogo wanaochipua juu yake. Likifikia mwisho huanguka, na kwa vile lilijengwa gumu, hata chini haliozi upesi. Hukaa pale ardhini likikwaruza kama bati, na anayepita juu yake husikika tokea mlangoni.

Hapo ndipo neno la mdogo wangu lilipoanza kunisumbua. Kijani mwaka mzima. Nililisikia kama sifa, na nikalipokea kama sifa, mpaka mama alipoonyesha kovu la kikonyo. Sifa hiyo ilizaliwa katika nchi zenye baridi. Kule Desemba inapofika, mialoni na mipopla husimama uchi kama nguzo za umeme, na mti mmoja ukibaki na majani yake kati ya miti iliyovuliwa, watu husimama kuutazama. Atlanta ni mji wa kusini, theluji huko ni mgeni wa nadra, lakini hata hivyo miti mingi huvua. Magnolia inayobaki imevaa inakuwa kama mtu aliyevaa koti wakati wengine wanatetemeka. Hiyo ndiyo maana ya sifa.

Lakini Kigali iko karibu digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwenye kimo cha mita elfu moja na mia tano hivi. Hatuna baridi inayovua miti. Tuna itumba, mvua kubwa za kuanzia Machi, na tuna impeshyi, kiangazi cha kuanzia Juni, wakati vumbi la Gatsata linapopanda mpaka kwenye kope. Jakaranda hupukutika, kweli. Umuko, mti wa maua mekundu kama makaa ambao katika masimulizi ya kale ya Rwanda ndio uliomhifadhi shujaa Ryangombe alipopigwa pembe na nyati, nao huvua majani kabla ya kuwaka. Lakini mingi mingine, kuanzia mivumu hadi migrevilea, miembe na hiyo avoka ya mama, ina kijani Januari na ina kijani Agosti. Huku kwetu kuusifu mti kwa kuwa na majani mwaka mzima ni kama kumsifu mtu kwa kuwa na kivuli.

Na hata huko kwenye baridi, sifa hiyo inaficha nusu ya habari. Mti unaovua hulipa deni lake mara moja kwa mwaka: Novemba majani yote chini, mtu anafagia wiki mbili, kisha anaweka ufagio ukutani. Mti wa kijani cha kudumu hulipa kwa mafungu. Leo majani matano, kesho tisa, wiki ya machipukizi mapya magunia. Hausamehewi hata siku moja, na anayepokea malipo hayo hasamehewi pia. Tunaposema hauangushi majani tunasema kweli ya mtu anayepita barabarani. Anayeishi chini yake ana kweli nyingine.

Niliamua kuuchunguza mti wetu wenyewe kabla ya kuuhukumu. Avoka ilikuwa inachanua. Ninajua watu wengi waliokula parachichi maisha yao yote na hawajawahi kuona ua lake, kwa sababu ni dogo kuliko ukucha, la kijani cha kufifia, na hukaa kwa mamia kwenye kishada kimoja. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kishada kilichoinamia dirishani, nikaleta kigoda.

Asubuhi ya kwanza maua matatu kwenye kishada changu yalifunguka. Katikati ya kila moja palisimama kijiti kimoja cheupe, tayari kupokea chavua, na kukizunguka stameni zilizolala nje, zimefumba midomo. Hilo ni ua la kike. Kabla ya saa saba mchana yalikuwa yamejifunga tena, kana kwamba hayakuwahi kufunguka. Nilidhani yamekufa. Kesho yake alasiri maua yaleyale, yenye uzi uleule, yalifunguka mara ya pili, na safari hii stameni zilikuwa zimesimama wima, zimefungua vifuniko vidogo, na vumbi la manjano limetoka. Kijiti cha katikati kilikuwa kimenyauka. Ua lililokuwa jike jana limeamka dume leo. Kuna aina ya avoka inayoanza kike asubuhi, kama huu wa mama, na kuna inayoanza alasiri, ili saa ambayo huyu anatoa chavua yule awe anapokea. Ndiyo sababu wakulima hupenda kuchanganya aina mbili shambani.

Nilipotafuta habari za ua la magnolia, nilikuta desturi ileile, ila kwa ukubwa wa kifalme. Ua lake linaweza kufikia sentimita thelathini kwa upana, lina harufu inayokaribia ya limau, na halitenganishi petali na sepali: vyote ni vipande vinene, vyeupe kama maziwa, vimepangwa kuzunguka nguzo moja. Nalo huwa jike kwanza, kisha dume. Wageni wake wa asili ni mbawakavu, wadudu wazito wasio na adabu ya nyuki, ndiyo maana vipande hivyo ni vinene na sehemu zake za ndani ni ngumu: zimejiandaa kukanyagwa. Masalia ya jamaa hii kwenye miamba yana umri unaozidi miaka milioni tisini. Ni ua la zamani sana, linalokumbuka dunia ambayo nyuki walikuwa bado hawajawa wengi.

Kufanana huku si bahati. Mtu ambaye jina lake limebebwa na mti huu, Pierre Magnol, alikuwa mwanabotania wa mji wa Montpellier, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715. Mwaka 1689 alichapisha kitabu kilichopanga mimea katika jamaa, kama watu wanavyopangwa kwa koo: huyu na huyu si sawa, lakini wamefanana pua. Mwenzake Charles Plumier ndiye aliyempa heshima ya jina, mwaka 1703, kwa mti alioukuta kisiwani Martinique. Na ukifuata mtindo huo wa Magnol, ule wa kuulizana koo, utafika uwanjani kwa mama. Magnolia na avoka ni watoto wa tawi moja kubwa la mimea yenye maua. Tawi hilo ndilo lenye mdalasini, pilipili manga na kungumanga. Mama Mswahili akipika pilau, nusu ya harufu inayotoka jikoni ni ya ukoo wa magnolia. Mstafeli na mtopetope ni wa karibu zaidi, nao wana maua ya nyama nene yanayokaribisha mbawakavu. Magnolia yenyewe haikujaliwa kuota kwa asili katika bara la Afrika, mashina yake yako Asia na Amerika. Ila shangazi na binamu zake tunao, tunawala na kuwakaanga.

Basi mdogo wangu alikuwa ametuagiza tukate mtu wa ukoo mmoja ili tumpande mwingine mahali pake. Na wote wawili ni wageni, maana avoka asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hakuna tena anayeikumbuka kuwa ilitoka mbali. Imelisha watoto wa mtaa mzima, imeshapewa uraia.

Sikutaka kumwonea mgeni kabla ya kumpa nafasi, kwa hiyo nilishuka hadi kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, kile ambacho hapa kila mtu hukiita pepinyeri. Kijana mwenye buti za mpira alikuwa akimwagilia viriba. Nilimwonyesha picha ya Atlanta.

"Bosi, huu sina," alisema. "Lakini wengi wakija na picha ya simu wanaondoka na huu." Akanionyesha safu ya miashoki, myembamba, mirefu, majani yameinama kama watu waliosimama kwenye dua. Nenda kwenye ukumbi wowote wa sherehe, hoteli yoyote, ua wa mtu yeyote aliyejenga ghorofa kutoka Kigali hadi Dar es Salaam, utaiona imejipanga getini kama walinzi. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mwashoki ni jamaa ya mstafeli, yaani una undugu wa karibu zaidi na magnolia kuliko hata avoka yetu. Mdogo wangu angeweza kuupata ukoo anaoutaka kwa faranga elfu tatu, bila viza.

Kijana akaniuliza uwanja una ukubwa gani. Nikamwambia. Akauliza uko bondeni au mlimani. Nikamwambia mlimani. Akauliza mfereji unapita wapi na ukuta umejengwa kwa kitu gani. Nikajikuta sina haraka tena.

"Wateja huniuliza ua ni rangi gani," alisema. "Mizizi hawaiulizi."

Magnolia grandiflora, mahali inapostawi, hupanda hata kupita mita ishirini, na upana wake unaweza kuzidi mita kumi. Mizizi yake ni minene kama kamba za meli na hutambaa karibu na uso wa ardhi, mbali kupita kivuli. Kivuli chenyewe ni kizito kiasi kwamba nyasi za chini yake hazioti vizuri, na udongo hubaki wazi chini ya zulia la majani makavu. Kwenye bustani pana yenye ardhi tambarare hiyo ni enzi. Kwenye hatua nane kwa tano, juu ya ukuta wa mawe unaozuia nyumba ya jirani isishukiwe na yetu, ni kesi inayosubiri mvua. Zipo aina zilizofugwa zikabaki fupi, na mti ulioungwa huchanua mapema, ilhali uliotoka kwenye mbegu unaweza kukusubirisha miaka kumi au zaidi kabla ya ua la kwanza. Mama ana miaka sabini na tatu. Sikuuliza zaidi.

Siku hiyo nilifikiri sana kuhusu wenzetu wa zamani waliopanda miti mbele ya nyumba. Urugo, yaani boma la Kinyarwanda, ulikuwa na uzio ulio hai, mara nyingi wa imiyenzi, ile minyaa yenye utomvu mweupe, na makazi ya wafalme yalijulikana kwa mivumu yake. Mfalme alipohama au alipofariki, nyumba ya nyasi ilioza ikarudi udongoni, mivumu ikabaki, ikanenepa, ikawa ndiyo kumbukumbu. Mahali hapo paliitwa ikigabiro. Mpaka leo, ukikuta mivumu mikubwa imesimama kilimani bila nyumba, wazee watakwambia nani alikaa pale. Magome yake yalipondwa yakawa nguo, kivuli chake kikawa baraza. Hakuna aliyeipanda kwa ajili ya picha.

Hata Marekani wanalijua hili. Magnolia iliyokuwa maarufu kuliko zote huko ilisimama ubavuni mwa Ikulu ya Washington. Inasimuliwa kwamba ilipandwa na Rais Andrew Jackson kwa kumbukumbu ya mkewe Rachel, aliyefariki Desemba 1828. Mti huo ulionekana mgongoni mwa noti ya dola ishirini kuanzia mwaka 1928 hadi 1998, kwa hiyo huenda babu yako aliwahi kuukunja mfukoni bila kujua. Uzeeni ulishikiliwa kwa nguzo na nyaya za chuma, na Aprili 2025 ukaondolewa kwa kuhofia usalama wa wapitao, mche uliotokana nao ukachukua nafasi. Karibu miaka mia mbili ya kijani, na nadhani hakuna kitabu kilichoandika majina ya waliofagia chini yake.

Wa kwetu ninawaona kila siku. Kigali inasifiwa duniani kwa usafi, wageni wanaipiga picha, na sisi tunajivuna. Usafi huo una saa yake: ni ile ya kabla ya mapambazuko, wakati wanawake wenye vizibao vinavyong'aa wanapoinamia kingo za barabara na fagio zao, wakisukuma majani, vumbi na vizibo vya chupa kuelekea kwenye rundo. Asubuhi moja nikielekea Nyabugogo nilisimama karibu na mmoja aliyekuwa chini ya jakaranda. Nilimsalimu, nikamwomba radhi kwa kumkatiza, nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu siku ya jani: mama, mti gani unakuchosha kuliko yote?

Nilikuwa na jibu langu tayari. Nilitaka aseme ule wenye majani makubwa magumu, ili nikamwandikie mdogo wangu kwamba kesi imekwisha.

Alisimika ufagio, akapumzisha kiganja juu yake. "Huu," alisema, akitazama juu kwenye jakaranda. "Majani yake madogo kama unga. Yanaingia kwenye nyufa za lami, yanaziba mifereji, mvua ikija ni tope. Yale makubwa sina shida nayo. Yale unayaokota kwa mkono."

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyesahihishwa mbele ya darasa. Nilikuwa nimeanza kuichukia magnolia kwa niaba ya watu ambao sikuwauliza. Kumbe jani lake gumu, lile la gasketi, lina rehema yake: haliingii kwenye ufa, halizibi mfereji mdogo, mtoto anaweza kulikusanya akalitia gunia. Gumu kuoza, jepesi kuokota. Ukweli huo ulikuwa mikononi mwa mtu anayelipwa kuinama, nami nilipita hapo karibu kila siku nikidhani ninazijua habari za miti.

Usiku nilimpigia mdogo wangu. Nilimweleza yote: kovu la kikonyo, ua linalobadilika kutoka jike kuwa dume, mwashoki, ukuta wa mawe, mama wa jakaranda. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kukubali.

"Kaka, nikwambie ukweli. Nyumba ile ya kwenye picha si yangu, ni ya jirani. Huwaita vijana wenye mashine za kupuliza majani, wanakuja kila wiki na kelele zao. Upepo ukivuma yanakuja kwangu. Jumamosi nayaokota mwenyewe."

"Na unayaokotaje?"

"Kwa mkono," alisema. "Ni makubwa."

Tukanyamaza wote wawili, kila mtu upande wake wa bahari. Hatimaye akasema kwamba hakuipenda magnolia kwa maua. Aliipenda kwa sababu Januari, miti mingine ikiwa imevuliwa, ndiyo peke yake mtaani inayofanana na nyumbani.

Sikuwa na jibu la hilo. Niliridhika kumwambia kwamba avoka ilikuwa imechanua, na kwamba wiki hiyo ndiyo inayoangusha kuliko zote, kwa kuwa mti huo unapotoa maua na machipukizi ndipo unapoachia majani ya zamani. Mama alikuwa anafagia mara mbili kwa siku na kulalamika mara tatu. Nilipomwuliza mama mwenyewe kama tuukate, hakuinua kichwa. "Huu najua kelele zake," alisema, akaendelea kusukuma rundo hadi kwenye shimo la mbolea chini ya mgomba.

Avoka imebaki. Magnolia, kama itapata siku moja uwanja wa kutosha katika mji huu, kwenye bustani pana au kando ya barabara yenye nafasi, nitakwenda kuitazama kwa heshima zote, na nitageuza jani lake moja kuangalia upande wa kutu. Siyo mti mbaya. Ni mti mkubwa ulioombwa kuishi mahali padogo kwa sababu ya picha.

Wewe unayejenga Gatsata, Goma, Mbezi au Kisauni, na simu yako imejaa miti mizuri ya watu wengine, nenda kwenye kitalu ukaulize habari za mizizi, kimo na maji. Lakini kabla ya kulipa, rudi nyumbani kwanza. Mtafute yule anayeamka kabla yako kushika ufagio, awe mama yako, mkeo, dada wa kazi au wewe mwenyewe, umuulize anautaka mti gani. Na akikujibu tofauti na ulivyotarajia, mwamini yeye.